Bima ya Daktari Efraimu

Jumatatu ile ya mwezi Mei, mwaka 2013, foleni ya malori ya kwenda Zambia ilianzia mpakani Tunduma ikatambaa hadi kukaribia Mpemba. Madereva walikuwa wamekwisha kuzoea. Wengine walipika ugali chini ya matela yao, wengine walifua mashati na kuyaanika kwenye vioo vya pembeni. Vumbi lilichanganyika na moshi wa dizeli na harufu ya mahindi ya kuchoma. Wabadilisha fedha walipita na mabunda ya kwacha mikononi, wakiita wateja kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza kwa pumzi moja.

Katikati ya zogo hilo alipita Fides Simbeye. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye mwendo wa haraka. Alivaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe iliyonyooshwa vizuri kwa pasi, na shingoni alijifunga mtandio wa rangi ya chungwa. Miguuni alivaa raba, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kutembea. Fides alikuwa wakala wa bima. Aliwauzia madereva kadi ya njano, ile bima ambayo bila hiyo lori halivuki mpaka.

"Ba Fides, mulishani!" alimwita dereva mmoja wa Kitwe, jina lake Lucky.

"Salama, Lucky. Kadi yako imebaki siku tatu, usijifanye hukumbuki."

"Aa, sister, wewe unanipenda au unaipenda kadi yangu?"

"Naipenda kadi. Yenyewe hainuki jasho."

Lucky alicheka, akageuka kufunga mlango wa tela. Upepo uliusukuma ule mlango mzito kabla hajatoa mkono. Kelele aliyoipiga ilisikika hadi kwenye geti la forodha.

Watu walijazana. Wengine walisema apelekwe Nakonde, upande wa Zambia, wengine wakasema hapana, apelekwe hospitali ya hapa hapa. Damu ilitiririka. Ndipo akatokea kijana aliyekuwa amesimama kwenye jiko la mahindi, mwenye shati la mistari na kalamu mbili mfukoni.

"Nipisheni, mimi ni daktari." Alimkalisha Lucky chini, akauinua mkono wake juu, kisha akatazama huku na huku. Macho yake yakatua shingoni kwa Fides. "Dada, naomba mtandio wako."

"Huu? Nimeununua jana!"

"Nitakununulia mwingine. Harakisha, dada yangu, mwenzio anaisha."

Fides aliuvua. Daktari alizungusha mtandio ule kwenye vidole vya Lucky kwa mikono mepesi, huku akizungumza naye taratibu kama mtu anayembembeleza ndugu yake. Damu ilipopungua alimpakia kwenye teksi. Kisha akamgeukia Fides, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba dada huyu alikuwa mzuri.

"Mimi naitwa Efraimu Kibona. Nina zahanati pale Mpemba. Namba yako ya simu tafadhali."

"Ya nini?"

"Nitakulipaje mtandio bila namba?"

Waliokuwa karibu wakaguna. Fides alitaja namba yake huku akijizuia kutabasamu. "Daktari, nikuulize. Umemtibu mtu barabarani. Kesho kidole kikioza, akakushtaki, utafanyaje?"

"Nani atamshtaki daktari?"

"Lori lake lina bima. Wewe je?"

Efraimu alinyoosha kidole juu mbinguni. "Bima yangu ni yeye."

"Amina," alisema Fides. "Lakini na lori analilinda yeye huyo huyo, na bado pale getini wanataka kadi."

Efraimu alibaki amesimama, mahindi yake yakiungua jikoni, akimtazama akipotea katikati ya matela.

*

Jioni ile ile simu ya Fides iliita.

"Mtandio unapenda rangi gani?"

"Mtandio haupendi rangi. Mimi ndiye napenda."

"Basi wewe unapenda rangi gani?"

"Daktari, wagonjwa wamekwisha?"

"Wamebaki wawili. Mmoja ana malaria, mwingine ni mimi."

"Na wewe unaumwa nini?"

"Bado sijapima. Njoo Jumapili baada ya ibada, unipime."

Ndivyo yalivyoanza mapenzi yao. Efraimu alikuwa mtoto wa mkulima wa Ibaba, kule milimani Ileje, ambako baridi huwafanya watu wazungumze mikono ikiwa kwapani. Alikuwa mcha Mungu. Kila asubuhi kabla ya kufungua zahanati alipiga magoti pamoja na muuguzi wake, dada Conjesta, wakawaombea wagonjwa watakaokuja. Fides naye alikuwa mtu wa sala, lakini alikuwa pia mtu wa maswali. Aliacha shule kidato cha pili, akaja kumalizia masomo ukubwani, jioni baada ya kazi, na mtu aliyesoma kwa namna hiyo hakubali jambo kabla ya kulisoma mara mbili.

Walitembea sokoni, walikula samaki wa kukaanga, walivuka Nakonde siku za Jumamosi kutazama vitenge. Efraimu alimnunulia mtandio wa zambarau. Fides alimfundisha kucheka. Ila kila walipokutana, lile suala halikukosa kutajwa.

"Mpenzi, kuna bima ya madaktari. Daktari akikosea bila kukusudia, mgonjwa akaumia, kampuni inamlipia mgonjwa matibabu na fidia."

"Nikikata bima ya kukosea, si ni sawa na kupanga kukosea?"

"Uliponunua mwavuli ulipanga mvua inyeshe?"

"Fides, kazi yangu ni wito. Sitaki kumtazama mgonjwa kama lori."

"Na mimi sitaki nimtazame kama bahati nasibu."

Mwezi wa saba, siku ya kuzaliwa kwa Fides, Efraimu alikuja na keki ndogo na bahasha. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya bima aliyokwisha kuijaza na kutia sahihi.

"Umekubali?" Fides aliruka kwa furaha hadi keki ikataka kuanguka.

"Sijakubali. Nimekata ili nikuone ukicheka hivyo."

Mkataba ulikuja kutoka Mbeya baada ya wiki mbili, kurasa kumi na nne za Kiingereza cha mahakamani. Efraimu aliutia kwenye droo bila kuusoma. Na ukweli ni kwamba Fides, ambaye kwa miaka mitano aliuza bima za magari tu, naye hakuusoma wote.

*

Mwezi wa tisa Bugalama, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Msangano, kule bondeni Momba, alimleta binti yake Happy kwa pikipiki. Happy alikuwa na miaka kumi na minane, homa imempanda, meno yanagongana. Kijijini kwao yeye ndiye aliyeongoza hatua za kwaya. Akiinua mguu, watu thelathini wanainua.

Efraimu alipima damu, akakuta malaria. "Nitampa vidonge vizuri, Baba. Baada ya siku tatu atakuwa mzima."

"Vidonge?" Bugalama alivua kofia yake. "Daktari, nimekula vumbi tangu alfajiri. Vidonge viko hata dukani kwetu. Mchome sindano, ndipo nitajua nimefika kwa daktari."

Watu wa bondeni ndivyo walivyo. Aliyesafiri mbali hataki kurudi bila sindano, na madaktari wengi wameshajua kwamba kubishana kunachukua muda kuliko kuchoma. Siku ile ilikuwa ya mnada, benchi limejaa, watoto wanalia. Kitanda kilikuwa na mgonjwa wa dripu. Efraimu alikubali. Alimwambia Happy ageukie ukutani, akamchoma sindano ya kwinini kwenye kalio akiwa amesimama, kwa haraka, chini kidogo na ndani kidogo ya pale palipotakiwa. Happy aliruka na kupiga yowe. "Kama umeme!" alisema. "Umeshuka hadi kidoleni!"

"Pole, ni dawa," alisema Efraimu, akaita mgonjwa mwingine.

Baada ya siku kumi, Jumamosi asubuhi, Bugalama alirudi. Happy aliingia akimshika bega. Homa ilikuwa imekwisha, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unaburuzika. Alipouinua, unyayo ulining'inia kama jani lililokauka.

Efraimu aliuona, akajua palepale. Sindano ilikuwa imegonga mshipa wa fahamu. Hapakuwa na wa kumlaumu, si malaria wala dawa. Ni mkono wake.

Aliomba radhi kidogo, akaingia chumba cha nyuma, akampigia Fides.

"Mpenzi, nimemharibu mtoto wa watu." Alimweleza yote. "Wako hapo nje. Naenda kuwaambia."

"Subiri! Usiseme kitu!" Fides alikuwa katikati ya malori, akapaza sauti. "Efraimu, nisikilize. Usikiri kosa. Ukikiri, kampuni hailipi. Hata madereva wangu nawaambia, ukigonga, funga mdomo, subiri trafiki."

"Fides, ni binti wa watu huyu."

"Najua, na ndiyo maana nakwambia nyamaza. Kwa ajili yangu."

Efraimu alitoka nje. Aliandika barua ya kumpeleka Happy hospitali ya rufaa Mbeya. Bugalama aliuliza, "Daktari, ni nini kimempata?" Naye akajibu, akitazama karatasi, "Wataangalia huko." Bugalama aliikunja barua kwa uangalifu, akaitia mfukoni. Hakuwa na uwezo wa Mbeya. Alimpandisha binti yake kwenye pikipiki wakarudi bondeni.

Jioni Fides alipokuja zahanati, alimkuta Efraimu amekaa bila kuwasha taa.

"Umeridhika?" Efraimu alimwuliza.

"Mpenzi..."

"Nimemdanganya mzee wa watu, uso kwa uso. Asubuhi niliomba na Conjesta, asubuhi hiyo hiyo nikasema uongo. Kwa sababu ya karatasi zako."

"Karatasi zangu ndizo zitakazomsaidia!"

"Karatasi zako zinanilinda mimi. Yule binti hakuna anayemlinda. Nilidhani nimempenda dada mwenye huruma, kumbe nimempenda karani wa kampuni."

Fides aliketi mbele yake. Halafu alizungumza polepole. "Unamjua mama yangu. Hujawahi kuuliza kwa nini anakaa upande."

"Nilidhani ni uzee."

"Alifanyiwa upasuaji, nikiwa na miaka kumi na tano. Walisahau kitambaa ndani. Yule daktari alikuwa mtu mwema kama wewe. Alikuja nyumbani na Biblia, akakiri, akalia kuliko sisi. Tukamsamehe. Mama alimsamehe kwa moyo wote. Kisha akaondoka, maana hakuwa na kitu, na mama akabaki na kidonda miaka minane. Duka la vitenge likaisha. Mimi nikaacha shule. Msamaha tulikuwa nao, Efraimu. Matibabu ndiyo hatukuwa nayo."

Aliuvua ule mtandio wa zambarau, akauweka mezani, akatoka. Efraimu hakumwita.

*

Siku tano hawakupigiana simu. Fides aliuza kadi zake, lakini madereva waliona.

"Ba Fides, leo hata kututukana hamtutukani," alisema Lucky, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepona vizuri. "Daktari wetu amefanya nini?"

"Endesha lori lako."

"Lori limezimwa. Nasubiri jibu."

Alhamisi baada ya kazi Fides alifunga mlango wa ofisi yake ndogo, akatoa nakala ya mkataba wa Efraimu, akafungua kamusi. Aliomba kwanza. Alisema, "Bwana, kama nilimshauri vibaya, nionyeshe." Kisha akasoma, neno kwa neno, kidole kwenye mstari.

Ukurasa wa tisa ulimpiga kama maji baridi.

Mkataba haukumkataza daktari kumweleza mgonjwa ukweli. Ulimkataza kuahidi malipo kwa niaba ya kampuni. Ulimtaka aendelee kumhudumia mgonjwa. Na ulimtaka jambo jingine: mara tu ajuapo kwamba mgonjwa ameumia, daktari mwenyewe aitaarifu kampuni ndani ya siku saba. Asipofanya hivyo, bima haina kazi.

Fides alihesabu kwa vidole. Jumamosi hadi leo. Siku ya saba ni kesho kutwa, siku ambayo ofisi ya Mbeya imefungwa. Basi mwisho ni kesho Ijumaa, saa kumi jioni.

"Sheria ya malori," alisema kwa sauti. "Nilimpa daktari sheria ya malori!"

Alipiga simu ya Efraimu. Haikupatikana. Alipiga tena, na tena. Asubuhi ya Ijumaa alikimbilia Mpemba, akamkuta Conjesta anafagia.

"Daktari yuko wapi?"

Conjesta aliegemea ufagio. "Leo ndiyo umemkumbuka? Ameondoka jana jioni kwenda Msangano. Amesema anakwenda kukiri kwa yule mzee, hata wamchape fimbo. Huko simu hazishiki, mama."

"Conjesta, niombee."

"Nimeanza siku ile mlipogombana."

Fides alimpata Ezron, dereva wa bodaboda mwenye pikipiki yenye sauti ya mashine ya kusaga. "Msangano. Kabla ya saa tisa."

"Dada, ile barabara hairuhusu haraka."

"Nani anaiomba ruhusa? Twende!"

Waliteremka kutoka kwenye baridi ya Tunduma kuelekea kwenye joto la bondeni. Mawe yalirukaruka, mara mbili walianguka kwenye mchanga, mara moja walisubiri kundi la ng'ombe mia mbili livuke, na Fides akawasihi ng'ombe kana kwamba ni madereva wake. Sketi ilichanika. Blauzi nyeupe ikawa ya rangi ya ugoro. Fomu ya madai aliificha kifuani isiingie vumbi, na njia nzima alikuwa akisema, "Bwana, saa. Bwana, saa."

*

Uani kwa Bugalama, chini ya paa la nyasi, Efraimu alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi. Alikuwa amekiri yote. Alisema, "Baba, si ugonjwa. Ni mimi. Nilichoma mahali pabaya kwa sababu ya haraka, na Jumamosi nilikuficha. Nisamehe."

Bugalama aliilaza fimbo yake chini. Kisha alisema, "Nimekusikia. Na mimi ndiye niliyeidai sindano. Nimekusamehe, ng'wanawane, mwanangu." Akamwonyesha Happy aliyeketi mkekani. "Sasa mguu?"

Efraimu alijipangusa macho. "Nina shamba la baba yangu Ibaba. Nitaliuza."

"Shamba la milimani? Atalinunua nani, na lini? Mguu utakuwa umekwisha kukauka."

"Daktari," alisema Happy, "umekuja kuutazama mguu au kulia? Maana umelia tangu saa tatu, na mguu haujasogea."

Efraimu aliinamisha kichwa. Yale maneno ya Fides yalimrudia yote: msamaha tulikuwa nao. Sasa yeye ndiye alikuwa yule daktari mwenye Biblia mkononi, na mbele yake alikuwa ameketi mama yake Fides akiwa bado kijana.

Ndipo pikipiki ikanguruma, kuku wakatawanyika, na mwanamke aliyejaa vumbi kuanzia nywele hadi raba akashuka mbio.

"Shikamoo, Baba. Samahani. Efraimu, saa ngapi?"

"Fides?" Alisimama hadi kigoda kikaanguka. "Saa... saa tisa na nusu. Umefikaje?"

"Kwa neema. Nisikilize upesi. Nilikosea! Ulikuwa na haki ya kuwaambia. Mkataba haukatazi ukweli, nimeusoma wote, na kamusi. Lakini ni lazima uitaarifu kampuni wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla ya saa kumi. Mimi wakala siwezi kukusemea. Mtandao uko wapi?"

"Kilimani," alisema Happy, akinyoosha kidole. "Kwenye lile jiwe. Lakini mzunguke upande wa kushoto, kulia kuna upupu."

"Huyu ni nani?" aliuliza Bugalama.

Efraimu alimtazama Fides, mwenye mikwaruzo magotini na fomu mkononi. "Baba, huyu ni mtu niliyemwita karani. Mungu anisamehe."

"Utatubu njiani," alisema Fides. "Kimbia!"

Walikimbia. Bugalama aliwafuata na fimbo yake, na kwa mzee alikuwa mwepesi ajabu. Juu ya jiwe Fides aliinua simu angani kama anayeomba mvua. Alama moja ikatokea, ikapotea. Ikatokea tena.

"Haloo? Ofisi ya madai?" Alimpa Efraimu simu. "Ni Makene, ndiye anayepokea madai. Sema!"

Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini. Efraimu alisema jina lake na namba ya mkataba. Kisha alieleza, bila kupamba, sindano ilivyochomwa, mahali, haraka yake, na mguu wa Happy.

Makene aliuliza kwa sauti kavu, "Umemwambia mgonjwa?"

"Ndiyo. Leo."

"Umemwahidi malipo yoyote?"

Fides alifumba macho. Efraimu angeweza kusema hapana.

"Nilitaja kuuza shamba la baba yangu. Mzee amelikataa. Kwa jina la kampuni sijaahidi kitu."

Upepo ulivuma. Bugalama alisogeza sikio karibu kabisa na simu.

"Uandike hivyo hivyo kwenye fomu," alisema Makene. "Maneno hayo hayo. Taarifa yako nimeipokea saa tisa na dakika hamsini na sita. Mgonjwa aletwe Mbeya Jumatatu. Kampuni itamgharamia."

Fides alipiga kigelegele kilichoshuka hadi uani, na Happy akakijibu akiwa mkekani bila kujua bado ni cha nini. Bugalama alivua kofia, akasema neno moja la Kisukuma, kisha akatangulia kushuka, akiwaachia jiwe wao wawili.

"Fides," alisema Efraimu, "nilisema karatasi zako zinanilinda mimi."

"Ulisema."

"Ni za Happy. Za mama yako. Nilikuwa na kiburi nikakiita imani."

"Na mimi nilikuwa na woga nikauita utaalamu. Nilikufunga mdomo siku uliyotaka kusema kweli."

"Unaonekana kama umechimbuliwa ardhini."

"Ni vumbi la barabara yako. Usiniguse, nitakuchafua."

Alimkumbatia hivyo hivyo, shati la mistari likachafuka lote.

*

Happy alikaa Mbeya miezi miwili. Walimpa kiatu cha kushikilia unyayo, wakamfundisha mazoezi asubuhi na jioni. Daktari wa mishipa hakumwahidi kwamba mguu utarudi wote. Lakini wiki ya saba Happy alimpigia Fides simu akipiga makelele, "Dada! Kidole gumba! Kimesogea! Mwambie yule mlia-lia!" Fides alilia barabarani, madereva wakimwangalia.

Mwezi Januari wazee wa Efraimu walitoka Ibaba kuja Tunduma kupeleka posa kwa kina Simbeye. Baba mdogo wa Fides, mzee Nathanaeli, aliwapokea sebuleni. Fides, kama desturi, alikaa chumba cha pili pamoja na mama yake, mlango ukiwa wazi kidogo. Alisubiri kumsikia mjomba wa Efraimu akisema. Badala yake ilisikika sauti nyingine, nzito, yenye lafudhi ya Kisukuma.

"Mimi naitwa Bugalama. Nimeomba niwe mshenga wa kijana huyu. Nimekuja kumsifu. Kijana huyu alimlemaza mwanangu."

Mjomba wa Efraimu alikohoa kwa hofu.

"Mshenga," alisema mzee Nathanaeli, "hiyo ni sifa?"

"Ngoja nimalize. Alikosea, nami sikuwa nimejua. Angenyamaza, nisingejua mpaka kufa. Alikuja kwangu kwa miguu yake, akaniambia mwenyewe. Na binti yenu akaja nyuma yake, amejaa vumbi, akaleta tiba. Mmoja alileta kweli, mwingine akaleta msaada. Mimi mfugaji nimeona ng'ombe wawili wanaovuta jembe moja. Basi msinitajie mahari bado. Mwiteni binti mumwulize kama anamjua huyu."

Ndani ya chumba, mama yake Fides alikuwa amemshika mkono. Alikuwa analia kimya, amekaa upande kama kawaida yake. "Nenda, mwanangu," alinong'ona. "Mimi hakuna aliyenijia na vyote viwili."

Fides alijipangusa uso, akanyoosha kitenge chake, akatoka. Alipiga magoti mbele ya wazee. Mezani ilikuwapo posa, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Efraimu alikuwa amekaa pembeni, mikono kwapani kama mtu wa Ibaba.

"Fides," alisema mzee Nathanaeli, "unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, Baba."

"Na huyu kijana, unamfahamu? Kosa lake pia?"

"Namfahamu pamoja na kosa lake. Na langu yeye analifahamu."

"Basi tupokee, au tusipokee?"

Fides aliinua macho, akamtazama Efraimu, ambaye midomo yake ilikuwa inasogea kwa sala bila sauti.

"Pokeeni," alisema.